Benson Kapandishwa Vyeo, Mimi Nipo Palepale

Ukipita mtaani kwetu saa tatu usiku ukasikia mtu mzima anagombezwa kwa kuulizia taarifa ya habari, usijisumbue kuuliza ni nani. Ni mimi. Runinga nimenunua mimi, king'amuzi nakilipia mimi, na luku naiweka mimi, tena kwa simu yangu. Lakini rimoti ikishatua mapajani kwa mama mkwe, mimi ni mpangaji tu humu ndani. Nina mawili ya kuchagua: ninyamaze niangalie pamoja nao, au nihamie barazani na karedio kangu, mbu wanisomee taarifa.

Wanachoangalia ni Law & Order: Special Victims Unit, ambayo wenyewe wanaiita SVU, kwa sauti ya watu wanaomtaja ndugu yao.

Kwa ambao Mungu kawaepusha, nieleze kidogo. Hii ni tamthilia ya Kimarekani juu ya kitengo cha polisi wa New York kinachopeleleza ubakaji na ukatili dhidi ya watoto. Kwetu ungesema Dawati la Jinsia na Watoto, ila hawa wa kwenye runinga hawaishiwi mafuta ya gari. Aliyeianzisha ni Dick Wolf, bwana ambaye tayari alikuwa anakula vizuri na Law & Order mama, iliyoanza 1990, akaona haitoshi, akaizalisha. Sehemu ya kwanza ya SVU ilirushwa na NBC tarehe 20 Septemba 1999. Mwalimu Nyerere alikuwa bado hai. Tangu hapo nchi hii imeongozwa na marais wanne, Daraja la Kigamboni limejengwa na kuzinduliwa, mabinti waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao, na Olivia Benson bado yuko zamu.

Wamarekani walikuwa na tamthilia yao ya wapanda farasi, Gunsmoke, iliyodumu misimu 20, kuanzia 1955 hadi 1975, wakadhani hakuna atakayeipita. Law & Order mama ilifika misimu hiyo 20, mwaka 2010 ikakatwa (ikaja kufufuliwa 2022, maana kwa Wolf hakuna kinachokufa moja kwa moja). SVU ikapita kimyakimya mwaka 2019, ilipoingia msimu wa 21. Oktoba 2021 wakarusha sehemu ya 500. Watu wa nyumbani wakinisikia nanung'unika hudhani nasema tamthilia ni mbaya. Sijasema hivyo. Nalalamika kwamba haiishi. Tamthilia yenye adabu zake huanza, watu wakapendana, mbaya wao akafa au akaokoka, mwisho harusi, tukalala. Hii mtu unaingia nayo kwenye ndoa ukiwa kijana, unatoka nayo ukiwa na dawa za presha mezani.

Kinachoniuma kuliko vyote ni vyeo. Benson, anayeigizwa na Mariska Hargitay, alianza 1999 akiwa mpelelezi wa kawaida, kavaa koti la ngozi, nywele fupi. Akapanda akawa sajenti. Akapanda akawa luteni. 2019 akawa kapteni, na hapo sebuleni kwangu ilipigwa vigelegele. Nasema kweli, vigelegele, mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kajifungua. Mimi ofisini kwetu nimeajiriwa kabla huyo dada hajashika hata kesi yake ya kwanza, na cheo changu kinajulikana na mlinzi wa getini peke yake, kwa sababu ndiye anayeandika daftari la mahudhurio. Siku nilipomdokeza mke wangu kwamba hata mimi nastahili kupandishwa, aliniangalia kwa huruma akasema, "Baba watoto, mwenzio anakamata watu."

Na huyo Benson ana kaka yake wa hiari, Elliot Stabler, aliyeigizwa na Christopher Meloni. Hapa ndipo mama mkwe anapopandwa na mori. Kwa misimu 12 wawili hawa walifanya kazi bega kwa bega, yeye Stabler akiwa na mke na watoto, hakuna kilichotokea kati yao zaidi ya kutazamana. Ndiyo mtego wenyewe. Watu wamekaa wanasubiri lile jicho ligeuke kuwa neno. Halafu 2011 mazungumzo ya mkataba wa Meloni yakavunjika, jamaa akaondoka. Kwenye hadithi wakasema alimpiga risasi binti aliyeingia kituoni na bastola, moyo ukamlemea, akaandika barua ya kustaafu. Benson habari anapewa na bosi wao, Cragen. Akaingia kwenye chumba cha mahojiano, akalia peke yake.

"Kaondoka bila kuaga!" mama mkwe alisema, na kwa mtu wa Pangani hilo ni kosa kubwa kuliko mengi yanayopelelezwa humo. Kuua ni kuua, shetani kapita. Lakini kukaa na mtu miaka yote hiyo, mkala pamoja, mkazika pamoja, ukaondoka bila hata kusema "haya, tutaonana"? Alimwekea kinyongo Stabler karibu miaka kumi, kwa sababu ndiyo muda waliochukua kumrudisha. Aprili 2021 akarudi, mkewe Kathy analipuliwa na bomu ndani ya gari, na yeye akapewa tamthilia yake ya pembeni ya mapambano na magenge. Nikasema, sasa mama, kisasi chako kimelipwa, msamehe. Akaniambia: "Mkwe wangu, mtu akirudi kwa sababu ana msiba, hajarudi kwako. Karudi kuchangiwa."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa.

Binti yangu wa chuo, ambaye anajua mambo ya waigizaji kuliko anavyojua ada yake inatoka wapi, ndiye aliyewaharibia usingizi. Aliwaambia kwamba Hargitay ana mume wake wa kweli, Peter Hermann, walikutana humohumo kwenye kurekodi, wakaoana 2004. Na kwenye tamthilia huyo Hermann ni nani? Ni Trevor Langan, wakili wa utetezi! Yule anayesimama mahakamani kuwatetea watu ambao Benson kawakamata. Mama mkwe alishika kifua. Kwa hesabu zake, mchana mwanamke anahangaika kumfunga mtu, usiku anampakulia chakula aliyemtoa. Tukamweleza kwamba ni maigizo. Akasema anajua ni maigizo, yeye si mtoto, lakini hata kwenye maigizo kuna mipaka.

Nikiri tu kwamba mama mkwe ana kipaji ambacho polisi wa New York wangekilipia. Hasahau sura. Waandaaji wa SVU wana tabia ya kumchukua mwigizaji aliyekuja kama mgeni wa siku moja, wakampenda, baadaye wakamrudisha akiwa mtu mwingine kabisa, wakitegemea sisi tumesahau. Kelli Giddish alikuja 2007 akiwa mwathirika wa ubakaji. 2011 huyo hapo, mpelelezi Amanda Rollins, na bastola kiunoni. Peter Scanavino naye alipita kama mtu wa pembeni kabla hajawa Carisi, yule kijana aliyekuwa akisoma sheria usiku baada ya kazi mpaka akawa mwendesha mashtaka (mke wangu anamtolea mfano kila akiona nimejinyoosha kwenye kochi). Lakini aliyezidi ni Diane Neal. 2001 alikuwa mmoja wa wanawake waliotuhumiwa kumbaka mwanamume. 2003 akarudi akiwa Casey Novak, mwendesha mashtaka wa serikali, anasimama mbele ya hakimu kuwashitaki wabakaji. Familia ilipokuwa inarudia misimu ya zamani, mama mkwe alimwona akiingia mahakamani na faili, akainuka na khanga yake mkononi: "Huyu si yule mshukiwa? Nani kampa ofisi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alisema yeye amekwisha kuona mambo ya namna hiyo, na si lazima uende Marekani.

Katika hao wote, wa kwangu ni Ice-T. Nikikuta yupo, hata mimi navuta kiti. Anaitwa kwa jina la kuzaliwa Tracy Marrow, na ujana wake alikuwa mwanamuziki wa rap mwenye maneno makali. Mwaka 1992 bendi yake ya Body Count ilitoa wimbo juu ya mtu anayeua polisi, Marekani nzima ikawaka, vyama vya polisi vikataka kampuni ya muziki isusiwe, Rais Bush mkubwa akaulaani. Miaka minane baadaye, 2000, huyohuyo anaingia SVU kuigiza askari, na mpaka leo hajatoka. Mshahara wa polisi wa kwenye runinga umemlea kuliko muziki wa kuwatukana polisi ulivyomlea. Sijaona mtu aliyeipatanisha njaa na misimamo vizuri kama huyu.

Tena wamempa jina zuri: Odafin Tutuola, kwa kifupi Fin. Tutuola ni jina la Kiyoruba, kama la yule mwandishi wa Nigeria, Amos Tutuola. Kwa hiyo ndiye Mwafrika wetu pale kituoni, hata kama hajawahi kuulizwa wali wa nazi unapikwaje. Kazi yake kubwa, kwa ninavyoiona mimi, ni kushangaa. Kila kunapozuka uovu mpya wa mtandaoni, kijana mmoja anasimama mbele ya kompyuta anaeleza, na Fin anakunja uso anauliza, "Unaniambia kuna watu wanafanya hivyo?" Kijana anasema ndiyo. Fin anatikisa kichwa. Kamera inahama. Mimi nafanya kazi hiyohiyo nyumbani kwangu kila siku watoto wakinieleza mambo ya simu zao, hakuna anayenilipa.

Yuko mwingine pia niliyempenda, marehemu sasa, Richard Belzer, aliyekuwa John Munch, mzee mwembamba wa miwani myeusi asiyeiamini serikali, mke, wala kahawa ya ofisini. Belzer alikuwa mchekeshaji wa jukwaani kabla ya hapo. Munch hakuzaliwa SVU. Alianzia Baltimore mwaka 1993 katika Homicide: Life on the Street; ilipokufa hiyo, akahama na jina lake, vitabia vyake na talaka zake akaja New York. Njiani humo akapita kwenye The X-Files, akapita The Wire, hata kwenye vichekesho vya Arrested Development, kote akiwa Munch yuleyule. Aliondoka SVU 2013, na Belzer akafariki Februari 2023. Habari ilipofika nyumbani, mama mkwe alisoma Fatiha. Mke wangu akamnong'oneza kwamba yule mzee alikuwa Myahudi. Mama akasema Mungu ni mmoja, na mtu aliyekuwa anakuja nyumbani kwako kila wiki hafanyiwi ubahili wa dua.

Misiba yenyewe ya humo ina utapeli wake. Mwaka 2003 mwendesha mashtaka Alexandra Cabot, yule wa miwani aliyeigizwa na Stephanie March, alipigwa risasi barabarani, ikasemekana kafa. Watu wakalia. Dakika chache baadaye anafunguliwa mlango wa gari usiku, kumbe mzima, anafichwa na serikali asije kuuawa na watu wa dawa za kulevya. Tangu siku hiyo hakuna jeneza linaloaminika sebuleni kwangu. Mtu akifa, mama mkwe anauliza: "Kazikwa, au kahamishwa?"

Na wageni! Inasemekana mwigizaji wa majukwaa ya New York ambaye hajawahi kupita Law & Order yoyote ni wa kuonewa huruma. Bradley Cooper kapita, Adam Driver kapita, kila mtu kapita akiwa bado anatafuta nauli. Hapo ndipo kuna ufa mkubwa wa upelelezi wao, na nimeutangaza mara nyingi bila mtu kunisikiliza: ukiona sura maarufu imekuja dakika ya kumi, mpole, anatoa msaada, anasema hakusikia chochote, huyo ndiye. Waandaaji hawawezi kumlipa mtu wa Hollywood aje kuwa jirani aliyekuwa amelala. 2008 alipotokea Robin Williams, sikuhitaji hata kuvua viatu. Aliigiza mtu anayepiga simu mgahawani akijifanya afisa wa polisi, anamwamrisha meneja amfanyie mfanyakazi mambo ya aibu, na meneja anatii. Mke wangu akashangaa: mtu anatiije sauti ya simu? Mama mkwe akamjibu bila kugeuka, "Ile hela tuma kwa namba hii." Hakuna mhadhiri wa saikolojia angeeleza kwa maneno machache zaidi.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu ya kisheria, maana mimi ni raia.

Niliibiwa pikipiki. Kituo sikitaji, kipo, kina bendera. Niliandikisha, nikapewa RB, na nilipouliza hatua inayofuata nikaambiwa hatua inayofuata ni mimi kuendelea kuulizia mtaani, nikisikia kitu niwape taarifa. Yaani mlalamikaji ndiye mpelelezi, mpelelezi ndiye mlalamikaji, tofauti ni sare. RB ninayo mpaka leo, nimeihifadhi na cheti cha ndoa. Halafu narudi nyumbani nakuta Benson kapata kisigino cha kiatu kando ya mto, maabara imejibu kabla ya tangazo la biashara, mtu kakamatwa, kashitakiwa, baraza la wazee wa mahakama wa kwao limekaa, limerudi, hatia. Chini ya dakika arobaini na tano. Katika miaka yote hiyo sijamsikia hata mwendesha mashtaka mmoja wa SVU akisimama na kusema ile sentensi ambayo sisi tumelelewa nayo: "Mheshimiwa, upelelezi wa shauri hili bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hata mara moja! Novak hajaisema, Barba na suti zake hajaisema. Ningekuwa mwandishi wao ningeweka sehemu moja nzima ya kesi kuahirishwa, hakimu ana udhuru, shahidi kasafiri, faili liko kwa mkubwa. Wangejua sisi wengine tunaishije.

Mashahidi wao nao wana dharau. Askari anakwenda kumwuliza mtu juu ya jirani yake aliyeuawa, mtu anaendelea kupakua makreti ya bia. Anajibu huku anabeba. "Ndiyo, nilimwona Jumanne, alikuwa na mwanamume mrefu," anaweka kreti, "samahani, nina kazi." Jirani kafa! Ningependa Benson aje mtaani kwetu kuulizia kitu. Kwanza angeletewa kiti. Kisha chai, akatae, aletewe soda. Watoto wangejaa mlangoni. Mjumbe angetafutwa, na mjumbe hayupo, kaenda arusini. Wazee wangemwuliza yeye ni wa kwa nani, kaolewa, ana watoto wangapi, na akisema ana mmoja wa kumlea wangemwombea dua. Saa tatu baadaye angeondoka na maembe kwenye mfuko wa plastiki, hajapata jina la mtu, na mtuhumiwa akiwa ndiye aliyemsindikiza mpaka kituo cha basi.

Halafu Stabler na mikono yake. Mtuhumiwa hajasomewa lolote, keshabamizwa ukutani, meza imepinduliwa, na sebule nzima inamshangilia. Nikisema jamani, huyo hajahukumiwa, naambiwa nahurumia wabakaji. Wiki hiyohiyo shemeji yangu, aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, alisimamishwa na trafiki akaongeleshwa kwa ukali kidogo, akaja kutulalamikia haki za binadamu mpaka chakula kikapoa.

Nao ule mlio! Wanaoiangalia wanaujua: kila tukio linapohama, skrini inakuwa nyeusi, maandishi meupe yanataja mahali na tarehe, na panagongwa mara mbili, dum-dum. Aliyeutengeneza ni Mike Post, mtunzi wa muziki wa tamthilia hizo tangu ile ya kwanza, naye ameeleza kwamba alichanganya sauti mbalimbali, zikiwemo za mlango wa jela unaofungwa na za wanaume wengi huko Japani wakipiga miguu kwa pamoja kwenye sakafu ya mbao. Mke wangu akauweka kuwa mlio wa ujumbe kwenye simu yake. Tukawa kwenye kikao cha harusi, mwenyekiti anasoma orodha ya walioahidi michango na hawajatimiza. Ukumbi kimya. Akataja jina la bwana mmoja mwenye kitambi na ahadi ya laki tatu, na palepale mkoba wa mke wangu: dum-dum. Wanawake wa meza ya mbele wote waligeuka kumtazama yule bwana. Alitoa laki na nusu papo hapo, iliyobaki akaimaliza kabla ya send-off. Kamati sasa inataka mke wangu awe anahudhuria vikao vyote.

Kuna jambo moja silinung'unikii, na nitalisema haraka kabla sijaonekana nimelainika. Hargitay alipoanza kazi hii alianza kupokea barua. Kwa mwigizaji barua ni kawaida, watu wanaomba picha. Hizi zilikuwa za wanawake wanaomsimulia kwamba walibakwa, wengine hawajawahi kumwambia mtu. Akaenda kusomea ushauri wa waathirika, na mwaka 2004 akaanzisha taasisi, Joyful Heart. Alikuwa miongoni mwa waandaaji wa I Am Evidence ya 2017, filamu juu ya vifurushi vya ushahidi wa ubakaji vilivyoachwa kwenye stoo za polisi wa Marekani bila kupimwa. Kwa hiyo na kule, nje ya runinga, upelelezi haukuwa umekamilika. Mwanzoni mwa 2024 akaandika mwenyewe kwamba na yeye alibakwa, akiwa na miaka thelathini na kitu, na mtu aliyekuwa rafiki yake.

Binti yangu alitusomea habari hiyo kwa sauti, akiifasiri. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akilitamka lile neno. Kwake lilikuwa "yale mambo". Aliendelea kuchambua, akasema kwamba kwao alikuwepo msichana, shoga yake wa madrasa, na mwanamume alikuwa anajulikana, na wazee walikaa wakasema yaishe kifamilia. Kilitolewa kitenge na mbuzi. "Nani alikula yule mbuzi?" binti yangu akauliza. Mama mkwe akasema wote walikula, hata shoga yake alipewa kipande. Akalitamka na lile neno lenyewe, wazi, kwa Kiswahili, mbele yangu mimi mkwewe. Kisha akadai sehemu inayofuata iwekwe, maana kama ni kungoja haki ya kwao Pangani, yeye hana tena umri huo.

Ndiyo maana taarifa ya habari naisikilizia barazani.

Lakini kunyamaza sikunyamaza. Majuzi niliketi na kalamu nikapiga hesabu. Hargitay kazaliwa Januari 1964. Polisi wa New York hulazimika kustaafu akifika miaka 63. Nikarudi sebuleni, nikasubiri tangazo, nikawasomea matokeo: kwa mujibu wa sheria za wenyewe, huyu dada anatakiwa kukabidhi beji Januari 2027, na baada ya hapo rimoti irudi kwa mwenye nyumba.

Mke wangu hata hakugeuka. "Watamwongezea mkataba," alisema, "kama mlivyomwongezea yule mkurugenzi wenu."

"Na akiondoka," mama mkwe akadakia, akiongeza sauti kwa rimoti, "ataaga."